Mapinduzi ni nini hasa, na nani mwenye haki ya kuyaita hivyo? Maswali yanayoulizwa kila mara

Mbukwenyi wote. Kila ikikaribia 12 Januari, sikukuu ya Mapinduzi ya Zanzibar, maswali ni yaleyale, watoto wa fomu siksi kwenye twisheni wanauliza, washkaji wa kijiweni Makole hapa Dodoma wanauliza, ukipanda daladala ya kwenda Mtumba napo unakuta watu wanabishana mpaka kondakta anaingilia. Nimeyaweka hapa yote pamoja. Mengine nimejibu kwa urefu, mengine mstari mmoja, kwa sababu si maswali yote yana uzito sawa. Mi ni ticha wa historia tu, msinipe chama.

Kwa kifupi, mapinduzi ni nini?

Ile ya kukariri ni hii: badiliko kubwa na la haraka la mfumo wa utawala, mara nyingi kwa nguvu, ambapo waliokuwa chini wanashika madaraka, na baada ya hapo ardhi, mali na sheria havibaki vilivyokuwa. Aristotle huko Ugiriki ya kale alishaona kuna aina mbili, moja inageuza katiba yenyewe kutoka utawala wa namna hii kwenda wa namna ile, nyingine katiba inabaki palepale ila walioishika ndo wanabadilika. Karne na karne zimepita na bado tunagombania mpaka wa hizo mbili.

Sasa soma tena hiyo ya kukariri. "Kubwa" kwa nani? "Haraka" ukianzia kuhesabu lini? "Waliokuwa chini" ni akina nani, maana kila mtu ukimuuliza atakwambia yeye ndo alikuwa chini. Hapo ndo ubishi wote unapoingilia.

Kwa hiyo kila mtu na tafsiri yake, hakuna ukweli?

Hapana bwana, usiende huko. Ni kama penati ya Simba na Yanga, mpira umegusa mkono, hilo liko kwenye video na halibadiliki, kinachobishaniwa ni kama ule mkono ulistahili penati, na hapo jezi uliyovaa inaanza kuongea. Tarehe ipo, waliokufa wapo, sheria zilizofutwa zipo. Watu wanaachana kwenye mambo matatu: stori unaanzia wapi, unamhesabu nani, na nani alibaki na redio, yaani nani anasimulia, baada ya vumbi kutulia. Mi kila nikisoma mapinduzi ya popote naanza na hayo, na mara nyingi ubishi unajieleza wenyewe.

Ya Zanzibar 1964 ni mapinduzi au uvamizi?

Hili ndo linaloulizwa kuliko yote kwa hiyo tulieni.

Kinachojulikana: Zanzibar ilipata uhuru toka kwa Waingereza 10 Desemba 1963, Sultani Jamshid bin Abdullah akabaki mkuu wa nchi, serikali ikawa ya muungano wa vyama vya ZNP na ZPPP. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, yaani mwezi mmoja tu na siku mbili baadaye, vituo vya polisi vikavamiwa, silaha zikachukuliwa, mpaka mchana serikali haipo. Sultani alikimbia kwa meli, Mombasa wakamkatalia kushuka, akaja Dar es Salaam, toka hapo akaenda Uingereza, akaishi mji wa Portsmouth miaka na miaka.

Sasa anza kuhesabu. Ukianzia 10 Desemba, unaona nchi huru yenye bendera na serikali iliyotokana na uchaguzi inaangushwa kwa mapanga na bunduki za kuiba, tena kiongozi anayesikika redioni ni John Okello, mtu wa Uganda. Mtu wa ZNP aliyeanzia hapo akikwambia ni uvamizi, ukimwita mwongo hujamtendea haki, yeye ndo ameanzia hapo.

Anzia Julai 1963 sasa. Kwenye uchaguzi wa mwezi huo chama cha ASP (Afro-Shirazi) walipata kama asilimia 54 ya kura zote, ila viti wakaambulia 13 kati ya 31, kwa sababu ya namna majimbo yalivyokatwa. Mtu wa ASP anakuuliza, uhuru gani huo wa Desemba ambao wenye kura nyingi wako nje ya mlango? Kwake Januari ni kusahihisha. Rudi nyuma zaidi, kwenye mashamba ya karafuu na biashara ya utumwa na nani alikuwa anamiliki nini, hapo inakuwa hesabu ya zaidi ya miaka mia.

Halafu kuna unamhesabu nani. Familia iliyopewa eka tatu baada ya ardhi kutaifishwa, mtoto wake akaingia shule bila ada, wakahamia ghorofa za Michenzani, ukiiuliza mapinduzi ni nini itakuonyesha kwa mkono. Familia ya Kiarabu au ya Kihindi iliyopoteza baba na duka ndani ya wiki hiyohiyo, nayo itakuonyesha. Watu wengi waliuawa, idadi yake inagombaniwa mpaka leo. Mi naona mtu anayetaja eka tatu akaruka makaburi, na yule anayetaja makaburi akaruka zile kura za 1963, wote wanafanya mchezo uleule.

Jibu langu kama mnalitaka: kwa kipimo cha kilichofuata, ni mapinduzi kamili, maana utawala, ardhi na tabaka vyote viligeuka, sio viti tu. Ila mapinduzi sio neno la sifa. Mnalisikia kama pongezi kwa sababu mmekua na sikukuu yake.

Na huyo Okello mbona simsikii kwenye hotuba?

Kwa sababu alipoteza redio. Alijiita Field Marshal, Machi 1964 akawa ameshatolewa Zanzibar. Simulizi rasmi inasema mipango ilikuwa ya ASP chini ya Mzee Karume na kamati ya watu 14, Okello alikuwa mtekelezaji tu. Okello mwenyewe alisema yeye ndo alikuwa kila kitu. Pia kulikuwa na Umma Party ya Abdulrahman Babu, hawa wakasema bila vijana wao ingebaki fujo tu. Usiku mmoja, wenyewe watatu.

Jeshi likimtoa rais, hayo nayo ni mapinduzi?

Kwenye magazeti ndiyo, mapinduzi ya kijeshi. Kwa kipimo nilichosema hapo juu, mengi yake ni ile aina ya pili ya Aristotle, gari lileile dereva mpya. Amin alipompindua Obote 25 Januari 1971 Kampala ilishangilia barabarani, watu wakapanda juu ya magari. Mwalimu Nyerere akakataa kumtambua, akampa Obote hifadhi huku kwetu. Mwaka uliofuata Waasia wakapewa siku 90 kuondoka, mauaji yakawa mengi, na wapo walioshangilia Januari ambao baadaye waliikimbia nchi. Ulikuwa ukombozi au balaa? Inategemea ulimuuliza mwezi gani.

Misri ndo mfano mtamu zaidi. Februari 2011 Mubarak anaondoka, dunia nzima inasema mapinduzi ya umma. Julai 2013 jeshi linamtoa Morsi aliyechaguliwa, nusu ya nchi inasema haya ni mapinduzi ya kijeshi, nusu nyingine inasema hapana, haya ni mapinduzi ya wananchi ya pili, si mliona mamilioni barabarani tarehe 30 Juni? Na kumbuka hata 2011 ni jeshi ndo lilipokea madaraka. Ukitaka kujua mtu wa Cairo yuko upande gani, we muulize tu 2013 anaiitaje, usimuulize chama.

Ila isiwe kwamba kila la jeshi ni la viti tu. Misri hiyohiyo 1952 maofisa walimtoa mfalme, wakagawa ardhi, baadaye mfereji wa Suez ukataifishwa 1956, hapo umeshahama toka aina ya pili kwenda ya kwanza. Sankara vilevile, aliingia kwa mtutu Agosti 1983, kufika 1984 nchi imeshabadilishwa jina kuwa Burkina Faso.

Tofauti ya maasi, uasi, vurugu, ukombozi na mapinduzi ni nini?

Mara nyingi ni matokeo. Ukishindwa ni maasi, ukishinda ni mapinduzi, ukishinda sana ni ukombozi.

Natania kidogo, ila angalieni Januari ileile ya 1964. Siku nane baada ya Zanzibar, tarehe 20, askari wa Tanganyika Rifles kambi ya Colito, Dar, waligoma na kuwakamata maofisa wao Waingereza. Walitaka mishahara iongezwe na maofisa wawe Waafrika. Tarehe 25 komando wa Kiingereza wakaingia wakazima, kwa ombi la serikali yetu yenyewe, jambo ambalo lilimuuma sana Mwalimu. Jeshi likavunjwa, ikazaliwa JWTZ Septemba mwaka huohuo. Sisi tunaita maasi, na kweli madai yao yalikuwa ya mshahara na vyeo, hawakusema wanataka nchi. Ila fikiria kama wangeshika Ikulu wakabaki, leo tungekuwa na mtaa wenye jina lao.

Mau Mau hivyohivyo. Waingereza walitangaza hali ya hatari 1952 wakiwaita magaidi. Kenya yenyewe ikawa huru na bado ile marufuku ya Mau Mau ya wakoloni ikabaki kwenye sheria mpaka 2003. Yaani miaka 40 ya uhuru, waliopigania wako haramu kwenye makaratasi.

Kwanini kila kitabu kinaanza na Ufaransa 1789 na Marekani 1776?

Kwa sababu vitabu viliandikwa huko. Nisikilizeni lakini, hizo mbili ni nzuri kufundishia, sema ziangalieni kutokea jikoni, sio sebuleni.

Marekani: kwa London ule ni uasi wa makoloni. Kwa mwenye shamba la Virginia ni uhuru. Kwa mtumwa wa hilohilo shamba je? Gavana wa mfalme, Lord Dunmore, alitangaza 1775 kwamba watumwa wa waasi watakaokuja kupigana upande wake wataachwa huru, wakatoroka wengi kumfuata. Kwa hiyo kuna watu weusi waliokimbia mapinduzi ya uhuru ili wapate uhuru. Utumwa wenyewe ukaja kufutwa nchi nzima 1865.

Ufaransa wakatangaza haki za binadamu na raia 1789. Mama mmoja, Olympe de Gouges, akauliza, na sisi? Akaandika tamko la haki za wanawake 1791. Novemba 1793 wakamkata kichwa. Wanawake wa Ufaransa walipata haki ya kupiga kura 1944.

Halafu Haiti, ambayo mi ningeiweka ya kwanza. Koloni la Ufaransa la sukari, watumwa wanainuka 1791, wanapigana na Wafaransa, Wahispania, Waingereza, tena wanalipiga jeshi la Napoleon, 1 Januari 1804 wanatangaza nchi. Hapa kila kitu kiligeuka, aliyekuwa mali akawa raia. Kama kuna mapinduzi yanayotimiza ile ya kukariri mwanzo mwisho ni haya, na ndo yaliyonyimwa jina kuliko yote. Marekani, nchi iliyozaliwa kwa mapinduzi, iligoma kuitambua Haiti mpaka 1862. Ufaransa 1825 ikapeleka manowari ikadai faranga milioni 150 kama fidia ya wenye mashamba, pamoja na watu waliokuwa "mali" yao. Haiti ikalipa, deni likasumbua vizazi. Wanafunzi wangu wakifika hapa huwa wanakaa kimya, afu mmoja anauliza swali la maana kuliko lolote: kwani walishinda au walishindwa?

Mbona chama kinaitwa cha Mapinduzi na kiko madarakani, kinampindua nani?

Hahaa, hili huwa linaulizwa na bodaboda akipita pale makao makuu ya CCM "White House". Jina lilitoka 1977, TANU na ASP walipoungana tarehe 5 Februari, likabeba urithi wa Zanzibar na ule wa Azimio la Arusha la 1967. Walikuwa wanamaanisha mapinduzi yanaendelea, kugeuza uchumi na maisha, sio tukio la usiku mmoja. Hata Mexico kulikuwa na chama chenye neno mapinduzi kwenye jina kilichokaa Ikulu mpaka mwaka 2000, mizizi yake ni 1929, kwa hiyo sisi sio wa kwanza.

Kinachonivutia mi ni kingine. Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kuwa na hisa, nyumba za kupangisha, mishahara miwili. 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza hayo yote. Mwaka uliofuata vyama vingi vikarudi, ingawa Tume ya Jaji Nyalali ilikuta karibu asilimia 80 ya watu waliohojiwa wanataka chama kimoja kiendelee. Uchumi wa serikali ukawa wa soko, mashirika yakauzwa. Ukiangalia maisha ya mtu wa kawaida, hicho ni kipindi kilichogeuza nchi kuliko tarehe nyingi tunazoziimbia. Tukakiita mageuzi. Wengine wanasema ni kwa sababu hakikuwa na damu, mi nadhani ni kwa sababu jina lile lilikuwa limeshachukuliwa.

Ujamaa ulikuwa mapinduzi? Babu yangu Bahi hataki hata kuusikia

Muulize vizuri babu, usimkatize.

Kwenye karatasi yalikuwa mapinduzi ya vijijini, watu waishi pamoja, walime pamoja, shule, maji na zahanati viwe karibu. Ugogo ulianza mapema kuliko sehemu nyingi, Operesheni Dodoma ilikuwa 1970 kwenda 1971, kabla hata ya amri ya nchi nzima ya Novemba 1973. Kulikuwa na ukame na njaa, serikali ikaona watu waliotawanyika hawawezi kusaidiwa. Mwalimu mwenyewe alikuja kufyatua matofali na wanakijiji wa Chamwino, hilo wazee wanalikumbuka kwa heshima.

Sasa tembe. Ile nyumba ya Kigogo ni ndefu, chini, paa la udongo bapa, zizi la ng'ombe liko palepale uani, mbolea inaenda shambani hatua chache, na ukiona nyasi zimeisha au kuna ugonjwa unahama, kujenga nyingine ni kazi ya familia na majirani. Umbali kati ya tembe na tembe sio ushamba, ni malisho. Ukichukua kaya mia kadhaa ukazipanga mstari mmoja kwa barabara, ng'ombe wote wanakula sehemu moja, ndani ya misimu michache pamebaki vumbi, shamba liko mbali, kuni ziko mbali zaidi, na anayetembea ni mama. Wapo waliopakiwa kwenye lori, tembe nyuma ikabomolewa ili wasirudi. Kwa hiyo babu haongei chuki, anaongea hesabu.

Na bado, bibi wa kijiji hichohicho anaweza akakwambia binti zake ndo walikuwa wa kwanza kwenye ukoo kujua kusoma, kwa sababu shule ilikuja kijijini. Wote wawili wako sahihi na wanakula sahani moja.

Kitu kingine, mapinduzi yakitoka juu huwa yana mpaka wake. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulisema kiongozi asiwe na majivuno wala ukandamizaji. Wafanyakazi wa viwandani wakauchukua kama ulivyo, wakaanza kugoma na kuwafungia nje mameneja wakorofi. Haikuchukua muda wakaambiwa imetosha. Walikuwa wameuelewa kupita kiasi.

Rwanda 1959?

Nalijibu kwa kifupi kwa sababu ni zito. Viongozi wa Kihutu waliita mapinduzi ya kijamii, ufalme ukafutwa 1961. Watutsi waliochomewa nyumba na kukimbilia Uganda, Burundi, Kongo na huku kwetu waliyaita kwa majina mengine kabisa. Waliozaliwa au kukulia ukimbizini Uganda walirudi na bunduki 1 Oktoba 1990. Hapo unaona kabisa tafsiri sio mambo ya darasani tu.

Mapinduzi ya viwanda, ya kijani, ya simu, haya nayo?

Hayo hayana siku wala kiongozi, jina hupewa baadaye na wanaoangalia nyuma. Ila mtazamo upo palepale. Wafuma nguo wa Uingereza waliovunja mashine miaka ya 1811 mpaka 1816 hawakuona maendeleo, waliona njaa. Kutuma hela kwa simu ni mapinduzi kwa mama wa mboga soko la Majengo, kwa kondakta aliyekuwa analipwa kubeba bahasha za watu ni ajira imekufa.

Serikali kuhamia Dodoma ni mapinduzi?

Hapana, ni uhamisho. Uliamuliwa 1973, ukachukua miaka zaidi ya 40 kutekelezwa, sheria ya makao makuu ikapita 2018. Kama kuna kilichopinduka ni bei ya viwanja Ilazo.

Kwanini walioyafanya mapinduzi huwa wanaishia pabaya?

Si wote, ila ni wengi. Robespierre wa Mapinduzi ya Ufaransa aliwapeleka wenzake kwenye gilotini, Julai 1794 akapelekwa na yeye. Kassim Hanga alikuwa mtu mkubwa Zanzibar 1964, 1969 akarudishwa visiwani toka bara na akauawa. Karume akapigwa risasi Aprili 1972, Abdulrahman Babu akahusishwa na kesi hiyo, akakaa kizuizini huku bara mpaka 1978. Sababu ni ya kawaida tu: sheria ya zamani imekufa, mpya haijazaliwa, na kila mwenye bunduki anaamini mapinduzi ni yake. Asiyekubaliana na wewe sio mpinzani tena, ni msaliti.

Kwani 12 Januari na huku bara ni mapumziko?

Ndiyo, ni sikukuu ya kitaifa, ofisi za serikali Mtumba zinafungwa. Sherehe kubwa ziko Zanzibar, na kipindi hicho kuna Kombe la Mapinduzi. Twisheni ipo kama kawaida saa mbili asubuhi, msije na kisingizio.